Bibi harusi, lini utaanza kuishi maisha haya?



Msimu wa harusi ukifika, mazungumzo yetu huwa yaleyale: magauni, piko, ukumbi, nani atampamba nani. Leo naomba tuzungumzie kinachofuata baada ya wageni kurudi makwao na maua kutupwa. Nitatumia tamthilia moja ya zamani ya Marekani ambayo wengi mtaicheka, kwa kuwa ni ya vyombo vya angani. Nivumilieni kidogo.

Tamthilia yenyewe ni Star Trek: The Next Generation, na sehemu ninayoikusudia inaitwa "The Inner Light". Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo, ambayo ni tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi.

Nahodha Picard ni mtu mkubwa. Ana chombo chake, ana watu chini ya amri yake, hana mke wala mtoto. Siku moja anapigwa na mwali kutoka kwenye chombo kidogo kisicho na mtu, anaanguka, na akizinduka yumo katika nyumba ya kawaida, kijijini. Mwanamke aitwaye Eline yuko pembeni yake. Anamwambia kuwa jina lake ni Kamin, ni fundi chuma, alikuwa mgonjwa wa homa, na yeye ndiye mkewe.

Picard hakubali. Anakula chakula cha Eline, anaishi kwenye nyumba ya Eline, lakini akili yake iko kwenye nyota. Kila jioni yuko na darubini yake akitafuta njia ya kurudi. Hali hiyo inakwenda miaka mitano. Miaka mitano mwanamke anaishi na mume ambaye ni mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Hapo ndipo Eline anaposema. Hapigi kelele, ila hanyamazi. Anamwambia kwamba amemvumilia kwa muda mrefu akisimulia maisha yale mengine, na anamuuliza lini ataanza kuishi haya. Anataka watoto. Anataka mume aliyepo.

Maneno yanamwingia. Siku nyingine Kamin anakuja kumwomba mkewe ruhusa ya kujenga kitu. Mke anabahatisha: labda darubini mpya, labda baraza. Kumbe anataka kujenga chumba cha mtoto. Kwangu mimi, hapo ndipo ndoa ile ilipofungwa, miaka baada ya kuoana.

Sasa turudi kwetu. Tunapenda kusema kuwa ni wanaume wanaoishi nyumbani kama wageni, na kweli wapo. Lakini tuseme ukweli, hata sisi tuna darubini zetu, na siku hizi zinatosha mkononi. Bibi harusi hajamaliza miezi sita, kila usiku anatazama nyumba za wenzake kwenye simu: jiko la fulani, safari ya fulani, mume wa fulani aliyeleta maua. Mwingine anaishi na mume huyu huku moyoni anahesabu yule aliyemposa mwanzo. Mwingine anangoja kuhama kwa mama mkwe ndipo aanze kuwa na furaha. Chai inachemka, mume anaongea, yeye hayupo.

Dini yetu imelijua hili zamani. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa jambo likishapita tusikae tukisema "lau ningefanya vile", kwa sababu neno hilo humfungulia shetani mlango. Mwenye kukaa kwenye "lau" hapati maisha yale anayoyawaza, na haya aliyopewa yanampita.

Kuna atakayeniambia: lakini Picard hakuchagua, alitupwa pale. Ni kweli, na tofauti iko hapo. Nahodha hakuulizwa. Wewe uliulizwa, au ulistahili kuulizwa, kabla ya nikaha. Kama hukuulizwa, au kama unapigwa na kudhalilishwa, maneno yangu haya si yako. Hilo ni la kupelekwa kwa wazee na kwa kadhi, na usiache mtu akufunge mdomo kwa neno subira. Eline mwenyewe alisubiri, lakini alisema. Tena naona alichelewa. Miaka mitano ni mingi mno. Dada yangu, sema katika mwaka wa kwanza.

Nazungumza na yule ambaye hana shida kubwa, ila ana huzuni ndogo kwamba maisha yake ni ya kawaida. Mume mwema, mshahara mdogo, vyumba viwili, samaki na muhogo. Huyo amtazame Kamin. Anapata binti, anapata mwana, anajifunza kupiga filimbi, anazeeka. Eline anapokaribia kufa hazungumzi mambo makubwa. Anamkumbusha mumewe aweke viatu vyake mahali pake. Mke yeyote anaijua sauti hiyo. Umemkemea miaka yote kwa viatu vya mlangoni, na mwisho wa safari unagundua kuwa kukemea kule kulikuwa mapenzi.

Baadaye Picard anazinduka kwenye chombo chake. Kumbe zimepita dakika 25 hivi tu. Kijiji kile na watu wake waliangamia miaka 1,000 nyuma, na ile ilikuwa njia yao ya kukumbukwa. Wangeweza kumwonyesha vita vyao au wafalme wao. Walichotaka akikumbuke ni nyumba moja, mke mmoja na watoto wawili. Ndani ya chombo kile anakuta filimbi yake, na anaipiga peke yake chumbani. Mtu aliyekuwa na kila kitu sasa ana kitu cha kumliza.

Kwa hiyo, mabibi harusi wetu, pambeni ukumbi mkitaka, ni halali yenu kufurahi. Lakini usiku ule mmoja si maisha. Maisha ni asubuhi zile zisizopigwa picha. Zima simu mumeo akirudi. Muulize siku yake ilikuwaje, nawe mwambie yako. Panga nyumba hii ndogo kana kwamba ndiyo nyumba yako, kwa sababu ndiyo. Na kama yeye ndiye mwenye darubini, muulize kwa upole kama Eline: bwana, lini utaanza kuishi hapa na mimi?

Mwenyezi Mungu awajaalie mapenzi na huruma baina yenu. Amin.