Ubwiriubwiri haukemewi, mtumishi

Samahani kwa ukimya, mitihani ilinibana. Wikiendi iliyopita mimi na mwenzangu wa chumbani tulienda kongamano la siku tatu hapa Mtwara mjini. Nimerudi na hasira, acha niziteme hapa.

Nianze na mema, msije mkasema nina roho ya upinzani. Kwaya ziliimba mpaka nikalia. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyetoka upande wa Msimbati. Hanijui, lakini aliniombea: "Mwanangu, Mungu akufungulie masomo." Kwa hilo tu nauli yangu ilirudi.

Sasa Jumamosi. Akapanda mhubiri mgeni, akasema umaskini wa watu wa kusini ni laana ya mababu, eti kwa sababu ya jando na unyago. Dawa? Panda mbegu! Zikapangwa foleni. Wa laki moja wakaitwa mbele, wakawekewa mikono mmoja mmoja. Wa elfu hamsini wakafuata. Wa elfu kumi kushuka chini tukaambiwa tubaki hapohapo, tutaombewa kwa jumla. Jamani, hata upako una madaraja?

Yule mama akafungua fundo la kanga, akatoa elfu kumi. Asubuhi alikuwa ameniambia hela hiyo ni ya salfa ya mikorosho. Mwenzangu naye akatoa boom lake karibu lote. Mpaka naandika hapa tunakula unga wangu.

Haya, tuulizane. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumwa kuzisomba. Wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa miezi. Hiyo nayo ni laana ya babu wa nani? Na ubwiriubwiri ni ukungu, unakausha maua ya mkorosho. Haukemewi kwa mikrofoni, unapuliziwa salfa. Hela ya salfa ikiishia kwenye bahasha, mwakani yule mama atavuna kidogo, halafu ataambiwa imani yake ilipungua. Ndiyo uzuri wa mahubiri haya: mhubiri hakosei kamwe, anayekosea ni maskini.

Kuhusu jando, mtumishi hakusoma hata historia ya jirani. Vincent Lucas, Mwingereza aliyekuwa askofu wa Waanglikana wa Masasi kuanzia 1926, hakuwaita watu wamelaaniwa. Alikaa na wazee, likatengenezwa jando la Kikristo. Unaweza kubishana naye, lakini angalau alikaa akasikiliza. Na Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 waliacha hospitali na shule. Huyu wetu kaacha stika.

Lililoniuma zaidi ni ule mfano wa mjane na senti zake mbili. Aliusoma kuanzia Marko 12:41. Nikafungua Biblia yangu, nikapanda mstari mmoja tu juu. Mstari wa 40 Yesu anawashutumu walimu wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mstari mmoja, wadau! Anaruka mstari mmoja, halafu anapitisha kapu.

Najua mtaniambia "usimguse mpakwa mafuta". Sawa, lakini Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walikuwa wakichunguza kila siku kama waliyohubiriwa ndivyo yalivyo. Paulo mwenyewe alichunguzwa, sembuse mgeni wa siku tatu?

Sijaacha wokovu. Jumapili naenda ibadani kama kawaida na sadaka nitatoa. Ila foleni ya laki sipangi, na nikimwona mama anafungua fundo la kanga, safari hii nitamshika mkono nimwambie: "Mama, kanunue salfa kwanza. Mungu hadai rushwa."

Haya, narudi kwenye vitabu. Na mwenye unga wa ziada asituache, tuko wawili.