Moto wa nyama choma usianzie kwenye plastiki

Mnada wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, hunukia nyama kabla mifugo haijamaliza kuingia uwanjani. Mapaja ya mbuzi yamechomekwa kwenye vijiti vilivyosimamishwa kuzunguka makaa, mbavu zimelazwa kwenye wavu juu ya pipa lililopasuliwa nusu, na ndizi zinageuzwa pembeni. Haydom siku ya mnada mambo ni hayo hayo. Mbuzi wa nyanda hizi, aliyekulia kwenye malisho ya wazi, hahitaji kiungo zaidi ya chumvi. Ndiyo maana inauma kuona nyama ya namna hiyo ikiletwa kwenye moto ulioanzishwa kwa kipande cha kandambili.

Kandambili, tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande, vifungashio, chupa ya maji iliyokanyagwa: hivyo ndivyo viwashio vya majiko mengi ya mkaa nchini, ya nyumbani na ya biashara. Plastiki ikishika moto huyeyuka, hudondoka ikiwaka katikati ya mkaa, na haizimiki kwa upepo. Mchomaji haitumii kwa ukorofi. Anaitumia kwa sababu inawaka upesi na haina bei.

Gharama yake inalipwa na wengine. Moshi mweusi wa plastiki na mpira umebeba masizi yenye kemikali zinazojulikana kusababisha saratani, na plastiki zenye klorini, kama zile za mabomba ya maji, hutoa dioksini zinapoungua. Wa kwanza kuuvuta ni mchomaji mwenyewe, aliyeinama juu ya jiko akipepea. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kweli rambo zikapungua mitaani. Vifungashio vilibaki, chupa zikabaki, na mazoea ya kuwashia mkaa yakabaki navyo.

Wengine hukimbilia mafuta ya taa. Tangu serikali ilipoyapandishia ushuru mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, mafuta hayo si ya kumwagwa ovyo, lakini robo chupa bado hupatikana. Ubaya wake ni kwamba mkaa una matundu mengi madogo. Mafuta hunywewa ndani, yanayoelea juu huungua, yale ya ndani yanaendelea kutoka taratibu kama mvuke, na harufu yake inaingia kwenye mafuta ya nyama. Akiyaongeza juu ya makaa ambayo tayari yana moto, mtu anajitafutia kuungua uso. Petroli haifai hata kutajwa karibu na jiko. Hata huko Los Angeles, ambako mafuta maalumu ya kuwashia mkaa huuzwa dukani, mamlaka ya ubora wa hewa ilitunga kanuni mwaka 1990 kuwabana watengenezaji wapunguze mvuke wake, kwa sababu majiko ya uani yalikuwa yanauchafua mji.

Utetezi wa wachomaji usipuuzwe. Katesh na Mbulu mjini kote ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na mkaa uliolala nje na ukungu hukataa kushika. Mteja aliyeuza ng'ombe wake saa nne hataki kusubiri hadi saa saba. Kumwambia mchomaji aache plastiki bila kumpa njia nyingine yenye kasi ile ile ni kumpotezea muda.

Njia hiyo ipo, na malighafi yake imelala mashambani. Hanang na Mbulu ni wilaya za mahindi na mbaazi. Baada ya mavuno magunzi hurundikwa nyuma ya nyumba, na miti ya mbaazi iliyokauka huwaka kwa mwali mkali usio na moshi mwingi. Kinachokosekana ni kopo: kopo kubwa la chuma, lililoondolewa kitako na mfuniko, likatobolewa matundu kuzunguka sehemu ya chini, na waya wa kushikia ukafungwa juu. Lisiwe la bati lililopakwa zinki, maana zinki ikipata joto kali hutoa moshi wenye sumu. La rangi nalo lisitumike.

Kopo linasimamishwa kwenye jiko. Chini yanaingia magunzi mawili matatu yaliyovunjwa pamoja na vijiti vya mbaazi, juu yake mkaa hadi ukingoni, kisha kiberiti kinapitishwa kwenye tundu la chini. Hewa ya moto inapanda, ya baridi inavutwa kutoka chini kujaza nafasi, na mkaa unajipepea wenyewe. Dakika 20 hivi zinatosha, kidogo zaidi mkaa ukiwa na unyevu. Kopo linanyanyuliwa, makaa yanamwagika yakiwa mekundu. Kwa kupepea kwa kipande cha boksi, kazi hiyo hiyo huchukua muda kama huo au zaidi, na mkono unachoka.

Wilaya ya Mbulu ina walimu wa jambo hili ambao nchi nzima ingewasikiliza. Wahadzabe wa Yaeda Chini bado wanajua kupekecha moto. Kijiti kimoja chenye kitundu kinalazwa chini na kubanwa kwa mguu, cha pili kinazungushwa ndani yake katikati ya viganja vinavyoshuka kwa kasi, na mikono ya mmoja ikifika chini mwenzake anapokea juu bila kuacha kijiti kipoe. Unga mweusi unaofuka unadondoka juu ya bapa la kisu, unatiwa kwenye nyasi kavu zilizofikichwa, unapulizwa kidogo kidogo. Hakuna tone la mafuta hapo. Kuna kuni kavu, hewa na subira ya dakika chache. Nao wahunzi wa Kidatoga, wale wa ukoo wa Gidang'odiga, huutia mkaa wao moto wa kulainisha chuma kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Watu wa wilaya hizi walikwisha kuelewa siku nyingi kwamba mkaa unataka hewa inayotoka chini.

Jambo jingine ni haraka ya kuweka nyama. Mkaa haujaiva mpaka uvae majivu meupe kote. Kabla ya hapo bado unatoa moshi wa vipande visivyoungua vizuri kwenye tanuru, na nyama inatoka nyeusi nje, mbichi ndani. Na jiko liwashwe nje, likolee nje. Kwenye baridi ya Mbulu kishawishi cha kuingiza jiko chumbani ni kikubwa, lakini kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu usingizini.

Mkaa wenyewe nao si wa kuchezea. Tanuru la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Mchomaji anayejaza pipa zima kwa sababu hajui upande upi utashika, anaunguza mti usiochoma hata kipande cha nyama. Bondeni Yaeda, ambako Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, jamii hulipwa kupitia mradi wa hewa ukaa kwa kuuacha msitu usimame. Mti uliosimama huko una bei inayojulikana.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Gesi itaingia majumbani, na iingie. Nyama choma ya mnadani itakuwa ya mwisho kuuacha mkaa, kwa hiyo busara ni kuusafisha mkaa huo kuanzia unapowashwa. Halmashauri za Hanang na Mbulu zina minada, na minada ina ushuru. Fundi bati wa Katesh anaweza kutengeneza kopo la kuwashia kwa saa moja. Gunia la magunzi likiwekwa penye mlango wa mnada, liuzwe kwa bei ya kiberiti, mchomaji hatakuwa na sababu ya kuokota chupa. Afisa afya anayekagua mhuri kwenye nyama akague pia kilicho chini ya wavu, na anayekutwa na vipande vya tyubu azuiwe kuuza siku hiyo.