Windows 12 yaja lini? Muulizeni mwenye saiba Kisii

Juzi nilikuwa Kisii, nikafika hadi Nyamira. Katika saiba nilizoingia, vijana wanaulizana Windows 12 yaja lini. Mimi uvumi huo siushiki sana. Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema Windows 10 ndiyo ya mwisho. Oktoba 2021 ikatoka ya 11.

Linalonikera ni hili. Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 14, 2025. Wa nyumbani aweza kujiandikisha aongezewe muda, lakini biashara hulipia kila mashine. Nayo Windows 11 yataka chipu ya usalama, TPM 2.0, na prosesa ambazo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Ndizo hizo hizo mkulima wa chai anajazia ritani za KRA na mwanafunzi anaombea HELB, nywila zao wakiziandika humo humo. Kwetu Mombasa ni vivyo hivyo, tusiwacheke.

Mwenye saiba asingoje 12, ambayo huenda ikadai mashine kubwa zaidi. Aweke Linux, ni ya bure, na eCitizen hufunguka humo kwa kivinjari. Fomu za Excel za ritani zaweza kumsumbua. Kwa hizo abakishe mashine moja iliyolipiwa.