Ordinatere ya dola elfu ine: ndani kuko kobalti ya dola ngapi?

Kuko neno moja lenye kurudi kwenye depo za Kolwezi kila mara wachimbaji wanapoomba bei ipande. Wanaambiwa kwamba wakitaka bei ya juu, wanunuzi wa ngambo watashindwa, watatafuta njia ingine, na mashimo yetu yatabakia bure. Baba anarudia neno hilo nyumbani, mama anaguna, na watoto wanakomaa wakijua kwamba jiwe lao ni lazima liuzwe bei ya chini.

Leo tunataka kupima neno hilo. Tutalipima na kitu kimoja chenye kobalti ndani, chenye bei yake inajulikana kipande kwa kipande: ordinatere ya kubeba ya kuchezea michezo ya video, ile ya bei kali, yenye mununuzi anajichagulia vipande vyake. Vijana wetu wengi wanaitamani. Na tena, kwa ordinatere ya kawaida mutu analipa bei moja tu, hawezi kujua kipande gani kimekula feza. Kwa hii ya kujichagulia, kila kipande kinaonyesha bei yake.

Namna wanavyoichagua

Kampuni kama XMG ya Ujerumani ao Eurocom ya Kanada hazitengenezi kila kitu zenyewe. Zinaagiza mwili wa ordinatere kwa viwanda vya Taiwan na China, kama vile Clevo na Tongfang. Kisha mununuzi anachagua vitu vya kuingiza ndani.

Cha kwanza ni karti ya grafiki, njo yenye kuchora picha za muchezo. Kwa ordinatere ya kubeba, mara nyingi imechomelewa kabisa. Ukikosea leo huwezi kuibadilisha kesho. Hapo njo feza nyingi inapita. Januari 2025, kampuni Nvidia ilitangaza kwamba ordinatere zenye karti RTX 5070 zitaanzia dola 1,299, na zile zenye RTX 5090 zitaanzia dola 2,899. Tofauti ni dola 1,600. Lakini mutu asinunue jina peke yake. Karti ile ile inaweza kupewa wati karibu 100 katika mwili mwembamba, ao 150 na kupita katika mwili munene, na nguvu yake haiwezi kuwa sawa. Tena RTX 5090 ya ordinatere ya kubeba haiko sawa na ile ya ordinatere ya mezani: ya kubeba iko na memori ya giga 24, ya mezani giga 32 na inakula umeme wa wati mupaka 575.

Cha pili ni prosesere. Kwa bei ya juu, wengi wanachagua kati ya Core Ultra 9 275HX ya Intel na Ryzen 9 9955HX3D ya AMD. Zote mbili ni nguvu sana. Kama feza ni kidogo, afazali kupunguza hapa kuliko kupunguza kwa karti ya grafiki.

Cha tatu ni memori na diski. Giga 32 za memori zinatosha, lakini ziwe vipande viwili, hapana kimoja, juu habari zipite kwa barabara mbili. Mara nyingi memori na diski vinaweza kuongezwa nyuma, kwa hiyo mutu anaweza kuanza na kidogo.

Cha ine ni namna ya kupoza: mabomba madogo ya shaba na vantilatere. Wengi wanasahau kipande hiki. Ikiwa joto halitoki, prosesere na karti vinajipunguza nguvu vyenyewe, na zile dola zote za juu zimepotea.

Halafu kuko kioo, na mwisho batri. Batri za ordinatere kubwa hizi zinaishia kwa wati-saa 99. Sababu ni kwamba ndege zinakubali batri mupaka wati-saa 100 bila kuomba ruhusa.

Ukichukua kila kitu cha juu, unafika dola elfu ine na kupita.

Mawe yetu iko wapi ndani yake?

Vipande vya karti vinashikamana na risasi ya kuchomelea ambayo, kwa ile inayotumiwa sana leo, zaidi ya sehemu 96 kwa 100 ni bati. Bati hiyo inatoka kwa kasiterite, kama ile ya Bisie kule Walikale. Kuko kondansatere ndogo za tantali, yenye kutoka kwa koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameonyesha kwamba Rubaya peke yake, yenye iko mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024, inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Mabomba ya kupoza ni shaba, na leo Kongo ni kati ya nchi za kwanza duniani kwa kutoa shaba. Na batri iko na kobalti.

Lakini kwenye liste ya mununuzi, hakuna hata moja ya majina hayo. Anachagua Nvidia, Intel, giga na wati. Jiwe halionekani. Kitu kisichoonekana kwenye liste, hakuna mutu anayeuliza bei yake.

Tupige hesabu

Tuchukue batri ya wati-saa 99, aina ile yenye kobalti nyingi. Kwa makadirio ya juu, ndani kuko karibu gramu mia moja za kobalti. Batri ingine ziko na chini ya hapo.

Mwanzo wa 2025, bei ya kobalti katika soko la dunia ilianguka karibu na dola 20 kwa kilo. Gramu mia moja zilikuwa dola mbili. Mwisho wa mwaka ule ule, bei ilikuwa imepita mara mbili. Tuseme dola 50 kwa kilo: gramu mia moja ni dola tano. Hata mwaka 2018, bei ilipopanda kupita dola 90 kwa kilo, kobalti ya batri kama hiyo haikufika dola kumi.

Dola tano katika ordinatere ya dola elfu ine. Mununuzi anayesita kati ya karti mbili za grafiki anahesabu mamia ya dola. Dola tatu za kupanda kwa kobalti hawezi hata kuziona.

Sasa tugeuze hesabu upande wa shimo. Mufuko wa kilo 50 wenye tenere ya asilimia 2 uko na kilo moja ya kobalti, ni kusema kobalti ya ordinatere kumi. Kama kila mununuzi angeongeza dola moja tu, na dola hiyo ifike mupaka kwenye mufuko, mufuko ungepanda dola kumi. Dola moja kule, dola kumi hapa. Kwa hiyo lile neno la depo, kwamba bei muzuri kwa muchimbaji inaweza kufukuza mununuzi wa ordinatere, halisimami.

Memori ilipanda, na watu walilipa

Kuko mufano wa karibu. Katika miezi ya mwisho ya 2025, bei ya memori ya ordinatere ilipanda kupita mara mbili. Kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini na Micron ya Marekani, njo zinatoa karibu memori yote ya dunia. Zilipeleka nguvu ya viwanda vyao kwa memori ya mashini za akili bandia, yenye faida kubwa zaidi. Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba itaacha kuuza memori kwa watu wa kawaida chini ya jina Crucial. Framework, kampuni ya Marekani yenye kuuza ordinatere za kujichagulia vipande, ilipandisha bei ya memori mwezi ule ule. Mununuzi alilalamika, halafu akalipa mamia ya dola ao akapunguza giga. Hakuna aliyeziambia zile kampuni tatu kwamba zitabakia na memori yao bure.

Sisi tuko na nguvu kama ile. Mwaka 2024 Kongo ilitoa karibu tani 220,000 za kobalti, zaidi ya sehemu saba kwa kumi za dunia yote. Lakini wale watatu walifunga bomba na bei ikapanda. Sisi tulifungua bomba na bei ikaanguka.

Serikali iliona jambo hilo. Tarehe 22 Februari 2025, ARECOMS, ofisi yenye kusimamia soko la madini ya strateji, ilisimamisha kutoa kobalti inchini. Tangu 16 Oktoba 2025 kukaingia kota: tani 18,125 kwa mwisho wa 2025, halafu tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vile vile 2027. Kati ya hizo, 87,000 ziligawanywa kwa kampuni na 9,600 zilibakia mikononi mwa ARECOMS. Bei ya dunia ilipanda. Kwa upande huo, kazi ilifanyika.

Nani alikula ile bei?

Hapa njo swali lenye kuumiza. Kampuni kubwa inachimba shaba na kobalti pamoja. Wakati kobalti ilifungwa, shaba iliendelea kutoka, na kobalti ikangojea katika depo mupaka bei ipande. Muchimbaji wa mikono hana depo. Jiwe la leo njo unga wa leo, njo minervale ya mwisho wa mwezi. Hawezi kungojea miezi saba. Na mununuzi wa mawe asiye na ruhusa ya kutoa mzigo, ao anafunga mulango, ao anashusha bei kwa yule mwenye njaa. Kwa hiyo uamuzi wenye kupandisha bei London unaweza kuishusha Kolwezi, siku ile ile.

Tuseme ukweli pia: mwenye kucheza muchezo kule Ujerumani hakai kwenye depo. Kati yake na shimo kuko negosia, depo, kiwanda cha idroksidi, lori za kwenda Durban ao Dar es Salaam, kiwanda cha kusafisha cha China, muunda batri na muunda ordinatere. Kila mumoja anakata kipande chake, na mwenye kukata mwisho ni yule hana mizani wala habari ya bei. Gharama za njia ni za kweli. Hatusemi mufuko ulipwe bei ya London yote. Tunasema tofauti isifichwe.

Na kuko hatari ingine. Magari mengi ya umeme, zaidi sana ya China, yameenda kwa batri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti. Kwa gari, bei ikipanda sana mununuzi anaweza kukimbia kweli. Kwa ordinatere na telefone ni vigumu zaidi: batri isiyo na kobalti inachukua nafasi kubwa na ni nzito kwa nguvu ile ile, na hapo nafasi ni ndogo. Kwa hiyo kota lazima ishikwe na akili. Bei yenye kuruka juu na kuanguka ni mubaya kuliko bei ya katikati yenye kukaa.

Tuombe nini?

Kwanza, bei ya siku ya London iandikwe mbele ya kila depo, kando ya bei ya kununua, juu kila mutu aone tofauti. Pili, tenere ipimwe na mashini isiyo ya mununuzi: asilimia moja yenye kupotea kwa mufuko wa asilimia 2 ni nusu ya mushahara. Tatu, Entreprise Générale du Cobalt, iliyoundwa mwaka 2019 juu ya kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono, iwe na feza ya kununua hata wakati mulango wa inchi umefungwa. Bila hiyo, kila kufunga kutaangukia familia zetu. Ine, wakati wa kugawanya kota, fungu la wachimbaji wa mikono lijulikane wazi, kwa tani, na liwe na ulinzi.

Haya si mambo ya bei peke yake. Novemba 2025, kule Kalando katika Lualaba, daraja lilivunjika na watu zaidi ya makumi tatu wakakufa. Miti ya kushikilia shimo, daraja la nguvu, pompe ya maji, vyote vinaombwa feza, na kila mara jibu ni kwamba jiwe halilipi. Tumeona sasa kwamba linaweza kulipa. Katika ordinatere ya dola elfu ine, dola moja ingetosha kuanza.