Mbao "Zisizochambuliwa"

Yeyote anayewaambia watumishi wa umma kwamba ufasiri wa istilahi za ufundi unahitaji kamusi, intaneti na mtu ajuaye Kiingereza tu, anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Nimeisoma rasimu ya istilahi za viwanda vya kupasua mbao vya Sweden, iliyokusudiwa kwa mafunzo ya mafundi wetu. Ofisi iliyoiandaa sitaitaja. Neno la kwanza lililonisimamisha ni "osorterat". Rasimu inasema: "mbao zisizochambuliwa". Kisarufi ni sahihi. Kibiashara ni maafa. Katika utaratibu wa zamani wa Sweden, mbao za misonobari na jamii zake hupangwa katika madaraja sita, na "osorterat" ni jina la madaraja manne ya juu yanayouzwa kwa pamoja bila kutenganishwa. La tano huitwa "kvinta", la sita "utskott". Kwa hiyo mbao ambazo rasimu inazionyesha kama rundo lisiloguswa na mkaguzi ndizo zilizo bora kuliko hizo nyingine. Mwongozo wa nchi za Nordiki wa 1994 ulileta herufi A hadi D, lakini majina ya zamani hayajatoka vinywani mwa wauzaji.

"Utskott" nalo limegeuzwa kuwa "kamati", kwa sababu ndivyo zinavyoitwa kamati za bunge la Sweden. Nilicheka, kisha nikamfikiria mwanafunzi atakayelikariri kwa ajili ya mtihani.

Lakini kichekesho hicho hakimtoi mtu senti mfukoni. Vipimo ndivyo vitakavyomtoa. Msweden ana mita za ujazo zaidi ya moja. "m³sk" huhesabu shina zima juu ya kisiki, pamoja na gome na ncha. "m³fub" ni ujazo halisi wa gogo bila gome. "m³to" huchukua kipenyo cha upande mwembamba, bila gome, na kulihesabu gogo kana kwamba ni bomba lenye unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa gogo hunenepa kuelekea shinani, hesabu hii huacha nje sehemu ya mti. Rasimu inaziita zote tatu "mita ya ujazo", basi! Bei ikitajwa kwa kipimo kimoja na mzigo ukapokelewa kwa kingine, nani atapunjwa? Wasweden hawakuliachia swali hilo uungwana wa mnunuzi. Wana sheria mahsusi ya upimaji wa magogo, iliyoandikwa upya mwaka 2014, na desturi ya kutumia wapimaji wasioegemea upande wowote. Sisi tunataka kuazima msamiati wao huku tukiufuta ulinzi uliomo ndani yake.

Wapo watakaosema tutumie Kiingereza tuondokane na udhia. Kiingereza cha biashara hiyo nacho kimelihamisha "osorterat" neno kwa neno, hivyo anayepitia huko hupokea mtego uleule, tena mkono wa pili.

Njia ipo, nayo haihitaji mfadhili. Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi kilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden. Haielekei akili kutunga istilahi hizi bila kuwashirikisha walimu wake. Waitwe pia wapasuaji wa Mufindi na Njombe. Wawekewe ubao mezani, si karatasi. Wataonyeshwa "friskkvist", fundo lililoshikamana na ubao, na "torrkvist", fundo la tawi lililokufa, ambalo huweza kung'oka na kuacha tundu. Mimi ningependekeza fundo hai na fundo mfu. Wao huenda wana maneno bora zaidi. "Vankant", pembe ya ubao iliyokosa kutimia kwa sababu ya uduara wa gogo, rasimu imeiita "ukingo mbovu", ilhali mti wenyewe hauna ubovu wowote. Iitwe ukingo pungufu. "Osorterat" iwe mseto wa daraja la kwanza hadi la nne, na kila mita ya ujazo iandikwe pamoja na namna ilivyopimwa, hata kama istilahi itarefuka.

Rasimu hiyo isipelekwe kiwandani cha uchapaji. Irudishwe kwa waandaaji wake, na safari hii wakae meza moja na watu wanaoshika msumeno.