Kijana Mwenye Usonji Atimizapo Miaka 18

Mzazi mwenzangu, juma hili nataka tuzungumze juu ya kijana ambaye husahauliwa pale pale anapoacha kuwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Kuanzia siku hiyo yeye ni mtu mzima. Lakini usonji haujui kalenda.

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Daktari Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye akina mama walilaumiwa kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Wataalamu walikwisha kuikanusha lawama hiyo, ila mitaani ingali ikitembea kwa majina mengine: laana, mkosi, uzembe wa mama.

Natuifikirie nyumba moja huko Daudi, wilayani Mbulu. Kijana ana miaka 17, na maneno yake ni machache. Kila alfajiri huzoa samadi zizini na kuipeleka shambani kwa toroli lile lile, kwa njia ile ile. Mama yake ajua kwamba akihimizwa kwa maneno husimama, bali akionyeshwa kwa mkono hufanya. Ajua kwamba kelele za mnada humtesa, na kwamba safari yafaa aambiwe jana yake. Elimu yote hiyo imo kichwani mwa mtu mmoja. Je, mama huyo akilazwa hospitali kwa juma moja?

Ndiyo maana matayarisho yasingoje miaka 18. Miaka 13 au 14 si mapema. Kijana apelekwe dukani kununua kitu kimoja, kwa muuzaji yule yule, mpaka azoeane naye. Afundishwe kuoga, kunyoa, na kukataa kushikwa mwilini na mtu asiyemtaka. Wasichana hasa wasinyimwe somo hili kwa sababu ya haya zetu sisi wazazi.

Na kazi yake iwe na ujira. Kijana anayezoa samadi miaka kumi bila kuhesabiwa hata kuku mmoja kuwa wake, huyo hatujamfanya mtu mzima. Tumemfanya kibarua wa bure.

Baadhi yenu mtauliza juu ya Serikali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ni sheria njema, ingawa wakulima wa Daudi wenye vibarua 20 sidhani kama ni wengi! Lililo karibu zaidi ni mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengewa watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuulizwa.

Kwa mama yule wa Daudi, mimi ningeanza na mdogo wake kijana. Jumamosi alfajiri yeye ndiye aende zizini na kaka yake, amwonyeshe kwa mkono, na mama abaki jikoni asiseme neno, hata toroli likichelewa.