Chakula Kiingie Ndani, Moto Ubaki Inje



Mara hii ukurasa wa usalama hautasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya viatu vya chuma. Tutasema juu ya sahani. Ni ile sahani ambayo mufanyakazi anaiwaza wakati saa za mwisho za kazi zinakuwa ndefu: kipande cha nyama ya ngombe kilichokaangwa na kitunguu, viazi vya Ulaya kando yake, na muchuzi unaoingia pole pole katika viazi. Wabelgiji walikuja na desturi yao ya bifteki na viazi vya kukaanga. Mama zetu waliichukua, wakatia nyanya na pilipili, na sasa ni chakula cha nyumba zetu pia.

Si chakula cha kila siku. Siku nyingi ni bukari na sombe, ao bukari na samaki, na hakuna ubaya. Lakini mushahara ukitoka, ao mutoto akishinda mitihani, ao baba akirudi kutoka lupitali, mama anapita kwa muchinjaji. Siku ile hata watoto wanaosha mikono bila kuambiwa. Nyama inajenga mwili na damu, viazi vinaleta nguvu, na kukaa pamoja mezani kunatuliza roho ya mutu aliyeshinda chini ya udongo. Hatuna neno baya juu ya chakula hiki. Neno letu ni juu ya moto unaokipika.

Hapa Katanga, mwezi wa sita na wa saba, usiku ni baridi sana. Umeme nao unakatika mara nyingi. Basi mama anawasha makala inje. Yakiisha kuwa mekundu, na moshi umekwisha, anaingiza mbabula ndani. Mulango unafungwa, dirisha linafungwa, kitambaa kinawekwa chini ya mulango. Nyama inalia katika kikaango, chumba kinapata joto, watoto wanakaribia. Watu wakiisha kula, mbabula inabaki pale pale, makala yamefunikwa na majivu, na wote wanalala. Kila mutu anasema: moshi hakuna, basi hatari hakuna.

Hapo ndipo tunajidanganya. Makala yakiwa mekundu, hata bila moshi, yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Gazi hii haina rangi, haina harufu, haiumizi macho, haileti kikohozi. Inaingia katika mapafu pamoja na hewa nzuri, kisha inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu iliyoshikwa hivi haiwezi tena kupeleka oksijeni katika ubongo na moyo. Mutu anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Anafikiri ni uchovu wa kazi. Anafikiri amekula sana. Analala, na pengine hasimami tena. Mama mwenye mimba, mutoto mudogo, muzee na mutu wa ugonjwa wa moyo wanashikwa upesi kuliko wengine.

Wafanyakazi wa mugodi, ninyi munajua habari hii kuliko watu wengine wote wa muji. Hakuna mutu anayeshuka chini bila kuuliza kama hewa inapita. Munajua kwamba mashine za kupeleka hewa zikisimama, watu wanatoka. Mambo haya hayakuanza jana. Katika mwaka 1896, John Scott Haldane, mutu wa elimu kutoka Scotland, alionyesha kwamba watu wengi waliokufa katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe hawakuuawa na mulipuko wenyewe, bali na gazi hii. Ni yeye aliyeshauri kushuka na nyama wadogo ao ndege wadogo, kwa sababu wao wanaanguka mbele ya mutu. Uingereza waliendelea kutumia ndege wale katika migodi mupaka mwaka 1986, kisha vyombo vya kupima vikachukua nafasi yao.

Hata Ubelgiji, kulikotoka bifteki na viazi vya kukaanga, watu wanajua bei ya hewa mbaya. Tarehe 8 mwezi wa nane, mwaka 1956, katika mugodi wa Bois du Cazier, pale Marcinelle, gari la makaa lilikaa vibaya ndani ya kizimba cha kupandia. Kizimba kilipopanda, gari likakata nyaya za umeme na bomba la mafuta. Moto ukawaka. Watu 262 walikufa, na wengi wao hawakuguswa na moto. Moshi na monoksidi ya kaboni ziliwafikia mahali walipokuwa wakifanya kazi.

Sasa tunauliza swali moja tu. Mutu anayejua haya yote kazini, namna gani anafika nyumbani, anavua viatu, na kukaa na bibi na watoto katika chumba kilichofungwa, mbabula katikati? Chumba cha kulala ni kidogo kuliko njia za mugodi, na hakuna mashine ya kupeleka hewa. Maoni yetu ni haya: sheria ya hewa isiishie kwenye mulango wa mugodi. Baba aliyefundishwa na kampani juu ya hewa ndiye mwenye kuifundisha nyumba yake. Asimutupie mama mambo yote kwa sababu ni mambo ya jikoni.

Tunajua majibu ya watu, na tutayapima moja moja.

Wengine wanasema: inje ni baridi. Ni kweli. Lakini koti na blanketi vinafukuza baridi, na hakuna mutu aliyekufa kwa kuvaa koti. Pika mapema, mbele ya jua kushuka. Nyungu ikiiva, ifunike, izungushie gazeti na blanketi la zamani, uiweke ndani ya kikapu. Chakula kitakaa na moto muda murefu, kitamungojea baba, na joto lake litafika mezani bila gazi.

Wengine wanasema: wezi watachukua nyungu pamoja na mbabula. Hiyo nayo ni kweli, zaidi siku ya mushahara. Basi mutu mukubwa akae karibu na moto. Kwa nini asiwe baba? Kukaa kwenye kiti karibu na mbabula, kugeuza nyama na kuongea na bibi yake, hakumushushi mwanaume hata kidogo.

Kuna jibu la tatu, ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Tunafunga mulango ili jirani asijue kwamba leo tunakula nyama. Tunaogopa macho, tunaogopa wageni wa saa ya kula, tunaogopa wivu. Ndugu, harufu ya nyama haifungwi na komeo. Jirani ameisha kujua tangu kitunguu kilipoingia katika mafuta. Ukimupa mutoto wake kiazi kimoja na kipande kidogo cha nyama, umepata rafiki. Ukijificha na mbabula, jirani yule yule ndiye atakayevunja mulango asubuhi.

Na asubuhi ya namna ile inaleta ubaya mwingine. Watu wakikutwa wamekufa bila kidonda, bila homa, bila damu, jamaa wanaanza kutafuta mulozi. Wanamutazama shangazi, wanamutazama muzee, wanamutazama yule aliyekuja kusalimia jana. Familia inagawanyika, na muzee asiye na kosa anafukuzwa. Wakati ule mbabula iko pale pale katikati ya nyumba, imejaa majivu, na hakuna mutu anayeitazama.

Kwa hiyo tufanye chakula chetu vizuri, na tukifanye inje. Namna ni hii.

Weka mbabula mahali pa wazi, juu ya udongo ulio sawa, mbali na mapazia na majani makavu. Mvua ikinyesha, pikia chini ya paa la baraza ambalo halina kuta pande zote. Usitie petroli katika makala ili yawake upesi, maana watu wengi wameungua uso na mikono kwa njia hiyo.

Anza na viazi. Viazi vyenye kuwa na rangi ya kijani ni vya kutupa, kwa sababu vina sumu ambayo moto wa nyungu hauiondoi. Vichemushe katika maji na chumvi mupaka viwe laini nusu. Kisha vimwage maji na vikauke kabisa. Kiazi chenye maji kikiingia katika mafuta ya moto, mafuta yanaruka na kuchoma. Mafuta yasipite nusu ya kikaango, na mukono wa kikaango ugeukie mahali ambapo mutoto hawezi kuushika. Mafuta yakiwaka moto, usimwage maji hata tone moja, kwa sababu moto utaruka juu. Funika kwa mufuniko wa chuma, ondoka karibu, ngojea yapoe.

Nyama ikatwe kwa unene wa kidole, kukinga nyuzi zake, na ipigwe kidogo kwa mutwangio ikiwa ni ngumu. Ikaushe kwa kitambaa safi, tia chumvi, iweke katika kikaango chenye moto mukali dakika 3 ao 4 kila upande. Kisha tia kitunguu na nyanya, funika, punguza makala, uache mupaka katikati kusiwe na damu. Wazungu wengi wanapenda bifteki nyekundu ndani. Sisi tunasema iive yote, kwa sababu nyama mbichi ya ngombe inaweza kuwa na mabuu ya tegu, ule mududu murefu wa tumbo, na moto ndio unaoyaua. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe mbele ya kukata kitu kingine.

Chakula kikiiva, kiingize ndani. Makala yaache inje. Yamwagie maji pale pale, tena pole pole, watoto wakiwa mbali. Kesho uyaanike juani, yatawaka tena, na utakuwa umepunguza gharama ya gunia.

Kama jiko la nyumba limejengwa na kuta nne, baba atafute saa moja siku ya mapumziko. Atoboe nafasi ya hewa chini ya paa pande mbili zinazotazamana, na mulango ukae wazi saa yote ya kupika. Lakini chumba cha kulala kisiingie mbabula hata siku moja, hata dakika chache, hata kama dirisha limefunguliwa kidogo. Kuweka sufuria ya maji juu ya makala hakusaidii, maana maji hayakamati gazi hii. Kulala chini ao kulala juu ya kitanda ni sawa, kwa sababu inaenea chumba chote.

Ukikuta watu wamelala na hawaamuki, ao wanaongea kama walevi, na mbabula iko ndani, usikae kuuliza maswali. Vuta hewa inje, ingia, fungua mulango na madirisha, uwatoe watu upesi, na usibaki ndani. Ukisikia kichwa chako kinazunguka, toka kwanza, uite wengine. Yule asiyepumua, anayejua kumupulizia hewa amufanyie mara moja. Wote wapelekwe lupitali, hata yule anayesema amepona, na munganga aambiwe wazi: walikuwa na makala ndani. Neno hili moja litamusaidia kuliko habari nyingi, kwa sababu dawa ya gazi hii ni oksijeni, na inafaa itolewe upesi.

Ndugu mufanyakazi, kazini unalindwa na kapita, na watu wa sekirite, na vyombo vya kupima hewa. Nyumbani hakuna kapita. Hakuna kengele itakayolia. Ni wewe na bibi yako ndio sekirite ya nyumba, na watoto wanalala kwa sababu wanawaamini. Kula nyama yako na viazi vyako kwa furaha, umeitolea jasho. Lakini mbele ya kufunga mulango usiku, hesabu watu walio ndani, kisha tazama kama mbabula iko inje.

Chakula kiingie, moto ubaki inje, na wote tuamuke.